Ziara za wanafunzi zisiishie mbugani, zifike Bungeni

Wahenga walituhimiza tutembee tuone. Wakuu wa shule nyingi za upili za Nairobi, hasa zile za upande wa magharibi kuanzia Westlands na Kangemi hadi Kawangware na Dagoretti, wameuitikia mwito huo kwa moyo mkunjufu. Hivi leo si ajabu kuliona basi la shule limejaa vijana wa Kijerumani, wa Kiingereza au wa Kimarekani pamoja na wenyeji wao, likipanda Barabara ya Waiyaki huku nyimbo zikihanikiza madirishani. Nasi huwapeleka wetu huko kwao, japo kwa uchache. Huu ndio uitwao urafiki wa shule kwa shule, na mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba ni urafiki wa maana.

Swali langu ni moja tu: vijana hawa wanapokutana, hufundishana nini?

Kwa muda mrefu nimezifuatilia ratiba za ziara hizi, na aghalabu hufanana kama shilingi kwa ya pili. Siku ya kwanza ni ngoma na hotuba. Ya pili, wageni hupaka rangi ukuta wa darasa na kugawa kalamu. Ya tatu hupelekwa katika makao ya watoto yatima wakapigwa picha. Ya nne na ya tano ni mbuga ya wanyama. Ya sita ni soko la vinyago, kisha uwanja wa ndege. Mgeni hurudi kwao akimjua twiga kuliko anavyomjua Mkenya wa rika lake, naye Mkenya hubaki akiamini kwamba Mzungu kazi yake ni kutoa na yeye kazi yake ni kupokea. Fedha nyingi zimetumika, wala hapana aliyemuuliza mwenzake jinsi anavyotawaliwa.

Rai yangu ni kwamba ziara hizi zifanywe somo la demokrasia. Isiwe demokrasia ya kukariri kwa ajili ya mtihani wa Historia na Serikali. Iwe ni demokrasia ya kuonwa kwa macho, kuulizwa maswali na kufanyiwa majaribio shuleni.

Huenda msomaji akasema: watoto wa shule na siasa wapi na wapi? Waache wasome kwanza. Jibu la swali hilo tulipewa mnamo Juni 25, 2024, pale vijana walipofurika katikati ya jiji letu wakiupinga Mswada wa Fedha, hata baadhi yao wakaingia ndani ya majengo ya Bunge. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hangeutia saini mswada huo. Katika wiki zile za maandamano zaidi ya watu 50 walipoteza maisha nchini. Wengi wa vijana wale walikuwa wametoka shule za upili miaka michache tu iliyotangulia. Waliusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, wakawaeleza wazazi wao namna utakavyougusa mkate na mafuta ya kupikia.

Je, ujuzi huo waliupata shuleni? Nasikitika kusema kwamba sidhani. Darasani walifunzwa kwamba Katiba ya 2010 humruhusu kila mtu kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, nayo kengele ilipolia walitoka nje wakakuta kwamba kuuliza kwa nini maharagwe yameiva nusu ni utovu wa nidhamu. Kijana aliyelelewa hivyo hujua njia mbili tu, kunyamaza au kulipuka. Njia ya tatu, ambayo ni kuuliza, kusikilizwa, kubishana, kushindwa kwa hoja na kurudi tena kesho, hakuna aliyemwonyesha.

Historia ya shule zetu inathibitisha hayo kwa uchungu. Utaratibu wa viranja tuliurithi kutoka kwa Mwingereza. Mwalimu mkuu aliwateua awapendao, akawapa mamlaka juu ya wenzao pamoja na vyumba vyao maalumu, nao wakawa macho na masikio yake. Mwezi wa Mei 1999, viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri walifungiwa chumbani mwao na kuchomwa moto na wanafunzi wenzao, wakafa. Mwaka 2008 wimbi la migomo liliyakumba mamia ya shule nchini. Ndipo wakubwa walipozinduka, na mwaka 2009 likaundwa Baraza la Wanafunzi wa Shule za Upili Kenya, kwa nia ya kuwapa wanafunzi sauti katika uendeshaji wa shule zao na kuwaacha wawachague viongozi wao kwa kura.

Ni hatua kubwa, na wote walioipigania wanastahili pongezi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliongeza nguvu, kwani inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika Bodi ya Usimamizi ya shule kwa mujibu wa wadhifa wake. Lakini hebu msomaji mwulize mtoto wako jioni ya leo: Je, mwakilishi wenu huketi katika mikutano ya bodi? Huitwa lini? Husema nini? Naogopa wengi watakutolea macho. Katika shule nyingi nilizozitembelea, uchaguzi hufanywa kwa shamrashamra, masanduku ya kura hupambwa, kisha washindi hukabidhiwa kazi zilezile za kupiga kengele na kuandika majina ya wapiga kelele. Jina limebadilika, mambo ni yaleyale.

Hapa ndipo mgeni anapokuwa na faida, nao wahenga hawakukosea waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanafunzi wa Ujerumani atokaye katika shule ambamo kila darasa huchagua msemaji wake, na ambamo wawakilishi wa wanafunzi huketi meza moja na walimu na wazazi katika baraza la shule, atauliza swali ambalo mwenyeji hakuthubutu kuliuliza. Ataliuliza bila ubaya wowote, kwa kuwa hajui kwamba ni mwiko. Na swali likishaulizwa mbele ya watu, ni vigumu kulirudisha mfukoni. Kadhalika, kijana wa Austria atamweleza mwenzake wa Kangemi kwamba nchini mwake watu hupiga kura wakiwa na umri wa miaka 16 tangu 2007, na Mjerumani ataongeza kwamba 2024 wenzake wa umri huohuo walipiga kura ya kuchagua Bunge la Ulaya. Mkenya asubiriye kutimiza miaka 18 atajiuliza kama yeye ana akili pungufu, au kama kuna sababu nyingine. Sitaki kumpa jibu. Nataka alitafute.

Wapo watakaonikabili kwa hoja nzito: kwamba hii ni njia nyingine ya Wazungu kutuletea demokrasia yao kama walivyotuletea gavana na kodi ya kichwa. Hoja hiyo siipuuzi. Tungekuwa tunawaalika wageni watufundishe nasi tuitikie tu, ningekuwa wa kwanza kuipinga. Lakini neno lenyewe ni kubadilishana, nasi tunayo ya kuwapa.

Tunayo katiba tuliyoipitisha wenyewe kwa kura ya maoni Agosti 4, 2010, baada ya miaka mingi ya mabishano, vikao na damu. Tunayo Mahakama ya Juu ambayo Septemba 1, 2017 ilibatilisha uchaguzi wa rais aliye madarakani, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa na mahakama yoyote barani Afrika, na ambalo hata mataifa yajigambayo kwa demokrasia hayana mfano wake mwingi. Nao wageni wetu si malaika. Ulimwengu mzima ulitazama Januari 6, 2021, umati ulipovamia jengo la Bunge la Marekani ili kuzuia matokeo ya uchaguzi yasiidhinishwe. Kijana wa Marekani na kijana wa Nairobi, ambao wote wameona bunge la nchi yao likivamiwa, ingawa kwa sababu tofauti kabisa, wana mazungumzo ya kutosha kuwakesha usiku kucha. Hilo ndilo darasa nilitakalo.

Wala jambo hili si geni kwetu. Pale Barabara ya Moi, katikati ya jiji, imesimama sanamu ya Tom Mboya, karibu na mahali alipopigwa risasi Julai 1969. Mboya ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuwasafirisha vijana wetu kwenda kusoma Marekani, kundi la kwanza la wanafunzi 81 likiondoka Septemba 1959. Kufikia 1963 walikuwa wamekwenda takriban 800 kutoka Afrika Mashariki. Mmoja wa waliokwenda 1960 alikuwa msichana aliyemaliza masomo yake Loreto, Limuru, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Profesa Wangari Maathai.

Katika kumbukumbu zake, Profesa Maathai alisimulia jinsi yeye na wenzake walivyokataliwa kuketi ndani ya mkahawa njiani kuelekea Kansas, kwa sababu ya rangi yao. Nchi iliyowaita kuja kujifunza uhuru haikuwa imewapa uhuru raia wake weusi. Aliliona hilo, na papo hapo akawaona pia raia wakijipanga na kudai haki zao bila kuchoka. Mafunzo yote mawili alirudi nayo. Mwaka 1989 alisimama peke yake, akitukanwa hata ndani ya Bunge, kuupinga mradi wa jumba la orofa 60 katika Bustani ya Uhuru. Mwaka 1992 alikuwa pamoja na akina mama waliogoma kula katika bustani hiyohiyo wakidai wana wao waliofungwa kisiasa waachiliwe. Sisemi safari ya Marekani ndiyo iliyompa ujasiri, kwani ujasiri alitoka nao kwao. Nasema safari ilimpa mizani ya kulinganishia.

Kasoro ya safari zile ni kwamba zilikuwa za upande mmoja, za wachache, na za watu waliokwisha kuwa wazima. Leo tunao uwezo wa kufanya vizuri zaidi, tena bila gharama kubwa. Naomba nieleze ninavyofikiri.

Siku mbili za ziara zitengwe kwa ajili ya katikati ya jiji. Wanafunzi, wenyeji na wageni kwa pamoja, waketi katika roshani ya wageni Bungeni wausikilize mjadala hadi mwisho, hata kama unachosha, kwa sababu kuchosha nako ni sehemu ya demokrasia. Watembee hatua chache hadi Mahakama ya Juu, kisha City Hall linakoketi Bunge la Kaunti. Wapite mbele ya Jumba la Nyayo waelezwe yaliyotendeka katika vyumba vya chini ya ardhi, walimoteswa Wakenya kwa kosa la kufikiri. Wamalizie katika bustani ya Jeevanjee, ambako kwa miaka mingi wananchi wa kawaida wamekuwa wakikusanyika kubishana juu ya mambo ya nchi na kujiita Bunge la Mwananchi. Mwanafunzi aliyeyaona mabunge haya matatu kwa siku mbili atakuwa na maswali ambayo hayamo katika kitabu chochote cha kiada.

Siku mbili nyingine ziwe za mitaani. Wagawanywe katika vikundi, kila kikundi kifuatilie jambo moja dogo katika Kangemi au Kawangware: mtaro uliozibwa, bomba la maji lisilotoa maji, au basari. Hii basari naisisitiza, kwa maana ndiyo siasa inayomgusa mwanafunzi moja kwa moja. Nani huamua nani apewe? Orodha hubandikwa wapi? Aliyekosa hulalamika kwa nani? Wamwendee mwakilishi wa wadi wamuulize kwa adabu, wayaandike majibu yake, kisha wayasome mbele ya shule nzima. Na wageni watakaporudi kwao wafanye vivyo hivyo katika manispaa yao, na Wakenya watakapowatembelea waonyeshwe. Hapo hakuna mtoaji wala mpokeaji, bali wachunguzi wa rika moja.

Siku ya mwisho lifanyike baraza la pamoja, mwalimu mkuu akiwapo. Kila upande ueleze jambo moja uliloliona kwa mwenzake na ambalo ungependa kulipeleka kwao, na jambo moja ambalo hautaki hata kulisikia. Mwalimu mkuu asikilize, ajibu, na ahadi zake ziandikwe.

Najua baadhi ya walimu wakuu watashtuka. Hofu hiyo si ya leo. Mwaka 2013 tamthilia ya wasichana wa Shule ya Butere ilipigwa marufuku hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Mwezi wa Aprili 2025 wasichana wa shule hiyohiyo walifika Nakuru na tamthilia nyingine kuhusu utawala wa nchi. Licha ya kuwapo amri ya mahakama ya kuwaruhusu, walikuta ukumbi usio na watazamaji, na polisi wakawatupia gesi ya kutoa machozi wananchi waliokuja kuwatazama. Wasichana waliimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani. Nawauliza wakubwa wetu: mgeni wa miaka 17 akiuliza habari ya siku ile, tutamjibu nini? Na akitujibu mtoto wetu kabla yetu, je, tutamwadhibu?

Kuna suala la haki pia ambalo haliwezi kufumbiwa macho. Tangu Januari 2024 Kenya iliondoa viza kwa wageni na kuweka idhini ya usafiri ipatikanayo kwa mtandao. Mwanafunzi wa Ulaya hujaza fomu nyumbani kwao, akaja. Mwanafunzi wa Kawangware aalikwapo Ulaya hudaiwa viza, taarifa ya benki ya mzazi auzaye mboga, na uthibitisho kwamba atarudi. Balozi zinazofadhili semina za demokrasia katika mahoteli ya Westlands zingefanya demokrasia kubwa zaidi kwa kurahisisha viza za ziara za shule, ambapo kundi zima huenda na walimu wao na kurudi na walimu wao.

Lakini tusingoje balozi. Nani alisema ng'ambo ni Ulaya peke yake? Kila mwaka timu za shule zetu za upili husafiri kushindana na wenzao wa Uganda, Tanzania na Rwanda katika michezo ya shule za Afrika Mashariki. Mabasi yapo, walimu wapo, utaratibu wa mipakani upo. Kama tunaweza kuwavusha mpaka wacheza kandanda na voliboli, tunashindwaje kuyavusha mabaraza ya wanafunzi? Arusha, makao ya Bunge la Afrika Mashariki, ni takriban kilomita 270 kutoka hapa, safari ya siku moja kwa basi, na lugha ya mazungumzo tunayo tayari. Mwanafunzi wa Dagoretti na mwenzake wa Arusha hawahitaji mkalimani ili waulizane kwa nini nchi zao, zilizopata uhuru karibu wakati mmoja, zilifuata njia tofauti.

Na kabla ya Arusha, tuivuke kwanza Barabara ya Gitanga. Lavington na Kawangware ni majirani, lakini watoto wa pande hizi mbili hawajuani. Wale wa shule za kimataifa huwajua vijana wa Geneva kuliko wawajuavyo wanaoishi mwendo wa dakika 20 kwa miguu. Ziara ya wiki moja kati ya shule hizo haitaki pasipoti wala tiketi ya ndege. Yataka tu wazazi wa upande mmoja waache woga, na wa upande wa pili waache unyonge. Tusisahau kwamba Oktoba 2017, baada ya marudio ya uchaguzi wa rais, majirani wa Kawangware walishambuliana kwa misingi ya kabila na kura, nyumba na vibanda vikateketea. Demokrasia haiishi siku ya kupiga kura. Hujaribiwa asubuhi ya pili yake, unapokutana mferejini na jirani aliyempigia kura mwingine.

Mtaala mpya wa elimu wautaja uraia miongoni mwa umilisi wa kimsingi ambao kila mwanafunzi anapaswa kuupata. Maneno ni mazuri. Basi Wizara ya Elimu iyape miguu: itoe mwongozo kwa shule zote zenye urafiki na shule za nje kwamba ziara isiyo na siku za uraia haitaidhinishwa, na ihakikishe kwamba wanaochaguliwa kusafiri huchaguliwa na wanafunzi wenyewe, wala si watoto wa wanabodi na wa wenye nacho. Walimu wakuu nao waanze na lile lililo mikononi mwao: wamkalishe mwakilishi wa wanafunzi katika mkutano ujao wa bodi, kama sheria inavyotaka, na wampe nafasi ya kusema.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Wengi wa walio katika shule za upili sasa watakuwa wametimiza miaka 18 siku hiyo, au watakuwa wanaikaribia. Watapewa karatasi ya kura wakiwa wamefunzwa au hawajafunzwa. Samaki mkunje angali mbichi.